Kigoda cha Madam

Kufuli lilikuwa nje ya mlango, na dada yangu alikuwa ndani.

Nilikuwa nimefika mtaa wetu wa Mbotela kutoka Isiolo na begi moja, kama kawaida yangu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwashikia wapima barabara fito za kupimia. Wakisema simama pale, nasimama pale. Barabara ikiisha, tunahamia nyingine. Nimelala kwenye mahema Lodwar, Garissa, Voi na Namanga, na kote huko nimeota nyumba hii ya kaunti tulimozaliwa: rangi iliyobabuka ukutani, nyuzi za kuanikia nguo, harufu ya omena ya jirani ikikaangwa Jumamosi asubuhi. Halafu nikifika, kabla hata begi halijapoa, miguu huanza kuniwasha nikitaka kuondoka tena.

Nilibisha hodi, ingawa ni ujinga kubisha mlango uliofungwa kwa nje.

"Nani?" dada aliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi ni wengi."

"Ndugu yako."

"Ala, mtalii! Umetuletea picha za twiga? Baba ameenda kanisani na ufunguo. Kaa hapo kibarazani nikuimbie."

Alicheka. Mimi nilikuwa nikitazama fremu ya mlango, juu, pale moshi ulipoacha weusi ambao baba alijaribu kuupaka rangi na hakufaulu. Nikaweka begi chini, nikakaa kando ya dirisha, nikamwambia aendelee kuongea. Sikumwambia kwa nini. Nilitaka kusikia sauti yake isikatike.

Dada yangu ana kifafa tangu utotoni. Mama alipokuwa hai, alimlinda kwa macho tu; hakumwondokea. Mama alipofariki, baba, ambaye amestaafu reli na hajui kukaa nyumbani siku nzima, alinunua kufuli. Si ukatili. Aliogopa angeanguka barabarani, akanyagwe, au watu wasimame mbali wakimwangalia wakidhani povu lake lina ugonjwa. Basi akitoka humfungia. Na siku moja, akiwa amefungiwa hivyo, dada alisonga ugali, akaanguka juu ya jiko la makaa. Majirani walivunja bawaba kwa jiwe. Mkono wake wa kushoto uliungua hadi kiwiko. Mimi nilikuwa Lodwar; jirani aliniambia kwa simu, nikiwa nimesimama jangwani na fito mkononi, na mpima barabara akinipigia kelele nisogee kulia.

Tangu siku hiyo siwezi kunusa makaa bila kugeuka kumtafuta dada yangu, hata kama yuko umbali wa siku mbili.

Baada ya hospitali ndipo alipokuja Madam. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii kutoka ofisi ndogo ng'ambo ya Jogoo Road, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye viatu vya raba na mkoba wa kitenge. Baba alimwita Madam, nasi sote tukamwita hivyo. Alikuja kumwangalia dada na kuhakikisha anameza tembe. Dada alikataa kwenda kliniki, alisema watu wanamtazama mkono. Madam akaenda naye, wameshikana mikono. Mwezi mwingine dada akakataa kabisa, Madam akaenda peke yake akamletea dawa. Mwezi uliofuata hakuna hata aliyeuliza nani ataenda.

Hivyo ndivyo tulivyomfanya wetu. Alipewa kigoda kizuri kilichokuwa cha mama, kikawekwa katikati, kati ya baba na dada. Alipewa kikombe chake. Na polepole, bila mtu kupanga, maneno yote ya nyumba yakaanza kupitia kwake. Baba akitaka dada aoge, alimwambia Madam. Dada akitaka baba aache kuzima redio, alimwambia Madam. Shangazi yetu wa Umoja, dada yake baba, akitaka kujua kama chakula anacholeta Jumapili kinaliwa, alimpigia Madam. Nami, nikiwa kwenye hema, nikishikwa na hofu sikupiga simu nyumbani. Nilimpigia yeye. "Madam, dada yuko salama?" Yuko salama. Basi nalala.

Sasa Madam alikuwa anahamishwa. Mwisho wa mwezi angekuwa Kitui. Na kliniki ilikuwa na daktari mpya ambaye alisema dawa hatampa mtu mwingine tena, mgonjwa aje mwenyewe aonekane. Ndiyo sababu nilirudi. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi na mbaya: Madam akiondoka na dada asipovuka barabara kwenda kliniki, tembe zitaisha, tembe zikiisha, ataanguka, akianguka nyuma ya kufuli, safari hii majirani wanaweza kuchelewa.

Mkutano wa kwanza ulifanyika sebuleni, ambayo pia ndiyo chumba cha kulala cha baba. Shangazi alikuja na sufuria ya kuku imefungwa kwa leso. Madam alikaa kwenye kigoda cha mama, akashika kikombe chake.

"Madam," baba alianza, "mwambie huyu kijana, kama amerudi, asikae hapa kama mgeni. Amtunze mdogo wake."

Madam aliangalia chai yake.

"Madam, umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee. Kijana yuko hapo. Magoti yenu yanagusana."

Shangazi alikohoa. Dada alifunika mdomo kwa leso. Baba alinitazama, na ninaapa sikumbuki lini mara ya mwisho alinitazama moja kwa moja. Alifungua mdomo, akaufunga, akageukia ukuta wenye kalenda ya kanisa. "Mtu akirudi nyumbani," aliiambia kalenda, "asikae kama mgeni."

"Kalenda imesikia," dada alisema.

Hapo tukacheka, hata baba. Lakini baada ya kicheko Madam alieleza jambo moja, kwa sauti ya chini. Alisema alikosea. Alikuja kumsaidia mgonjwa, akajikuta amekuwa ukuta wa kuegemewa na kila mtu, na ukuta ukiondolewa ghafla nyumba inaanguka. Alisema ugonjwa uko kwa dada, lakini kumtegemea yeye kuko kwetu sote wanne. Kila mmoja wetu anapata nafuu akimtumia: baba hasemi, shangazi haulizi, mimi silali nyumbani, na dada hahitaji kujaribu.

"Sasa tutafanyaje?" shangazi aliuliza. "Huyu maskini hata kuvuka barabara hawezi."

"Muulize maskini mwenyewe," Madam alisema.

Shangazi alimgeukia dada kama mtu anayemsalimu mtu aliyemdhani amesafiri. "Mama, unaweza kuvuka barabara?"

"Sijui, Auntie," dada alisema. "Naogopa."

Hilo neno halikuwa limewahi kutamkwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tumeogopa kwa miaka mingi, lakini kila mtu alikuwa amemwachia Madam kazi ya kulisema.

Madam alipokuja tena, nilikuta kigoda kimesogezwa. Hakuwa tena katikati. Alikuwa kando ya kabati. Baba akilalamika Madam alisikiza, lakini hakujibu mpaka baba amtazame dada. Safari nyingine kigoda kilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na chai tulimpelekea huko. Dada hakupenda. "Unahamia wapi, Madam? Kesho tutakupigia chai kwa simu?" Madam akamjibu, "Kesho utanipikia mkiwa mnaongea, mimi nitakunywa hapa nje nikisikiza." Majirani waliopita walimsalimu huku wakishangaa mgeni gani huyu anayekalishwa kibarazani kama mtu wa kudai deni.

Mimi sikushangaa. Niliogopa. Nilimwona akitoka kidogo kidogo kama mtu anayemwachilia mtoto baiskeli, na nilijua baiskeli ile ilishawahi kuanguka juu ya moto.

Tembe zilizobaki zilikuwa chache. Dada alianza kuzikata nusu ili zifike mbali, bila kutuambia. Nafikiri pia alitaka tuone zinavyoisha. Sijui. Wiki ya mwisho ya Madam, alasiri moja, dada alikuwa akipepeta mchele pale kibarazani, mimi nikitengeneza kamba ya begi langu, nikasikia ungo umeanguka. Sauti ile naijua tangu utotoni: kwanza kimya, kisha kitu chepesi kikianguka, kisha kitu kizito.

Alikuwa sakafuni, mgongo umepinda, miguu ikipiga saruji. Mchele umetapakaa kila mahali. Baba alitoka ndani mbio na kijiko, kile kijiko cha chuma kilichoning'inia msumarini mlangoni miaka yote, chenye alama za meno ya dada. Madam alikuwa amesema mara nyingi kitolewe, hakikutolewa.

Nilipiga simu. Nikabonyeza nambari isiyo ya Madam, nikakata, nikabonyeza tena.

"Madam, ameanguka! Njoo, tafadhali!"

"Niko Umoja, sitafika sasa hivi. Nani yuko karibu naye?"

"Mimi. Baba ana kijiko."

"Usimwekee kitu mdomoni. Ondoa vitu vigumu hapo alipo. Weka kitu laini chini ya kichwa. Akitulia kidogo, mgeuze ubavu. Akikaa sana bila kutulia, mpelekeni hospitali. Hili unaliweza."

"Mimi siliwezi!"

"Basi mwambie baba yako kwa sauti. Sema naye, si na mimi." Akakata.

Alikata. Nilisimama na simu iliyokufa mkononi na dada yangu chini, na nilimchukia mwanamke yule kwa sekunde chache kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

"Baba," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Baba, kijiko hapana. Lete shati. Lete lolote laini."

Alinitazama, akatazama kijiko. Akakitupa, kikaruka juu ya mchele. Akavua koti lake, koti la Jumapili, akalikunja, na kwa mikono yote miwili akainua kichwa cha binti yake akaliingiza chini. Mimi nilisukuma mbali jiko lililokuwa pale kibarazani. Halikuwa hata limewashwa, lakini nilisukuma. Tukangoja. Kwenye mtaa watoto walikuwa wameacha mpira na kusimama. Mama mmoja aliwakaripia wasisogee, watashikwa na huo ugonjwa, na baba, mzee wangu asiyesema, aligeuka akamwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Huu hauambukizi, mama. Nenda zako."

Dada akatulia. Tukamgeuza ubavu. Akaanza kupumua vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyechoka na kazi. Baba alikaa chini kwenye mchele akamshika mkono ule ulioungua, uleule ambao wote tulikuwa tukikwepa kuuangalia. Tulikaa hivyo mpaka dada akafungua macho akauliza nani amemwaga mchele.

Siku iliyofuata Madam alikuja na nikamwambia nimeamua. Nitaacha barabara. Nitakaa Mbotela, nitampeleka kliniki kila mwezi, nitamshika mkono mimi.

Alikuwa nje kabisa sasa, kigoda kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Alinisikiza hadi mwisho.

"Nilisema maneno hayohayo nilipokuja hapa," alisema. "Ukikaa kwenye kigoda hiki, tumebadilisha mtu tu. Wewe unakuja na kwenda. Baba yako yuko kila siku. Aende naye yeye."

"Na akianguka barabarani?"

"Baba yako jana alijua la kufanya. Wewe pia."

"Na kikitokea kitu kibaya?"

Alipangusa viatu vyake vumbi. Nilitaka aseme hakitatokea, na alikuwa mtu mwaminifu mno kusema hivyo.

Siku ya kliniki walitoka asubuhi, baba mbele, dada nyuma, mkono wa kushoto wa sweta umevutwa hadi vidoleni. Nilikatazwa kufuata. Dada mwenyewe alinikataza. "Mtalii, ukinifuata kama askari jela nitarudi kitandani. Nenda ukale."

Nilienda soko la nyama la Burma, kwa sababu Burma iko karibu na barabara na mtu anaweza kukaa hapo muda mrefu bila kuulizwa. Niliagiza supu ya mifupa kwenye mojawapo ya vibanda vya nyama, nikakaa mahali ninapoona wanakovuka watu. Wachinjaji walikuwa wakikata mbavu kwa panga, na kila pigo liliniingia mgongoni. Kila breki ya gari iliyolia nilisimama. Muuzaji aliniuliza kama supu haina chumvi. Nikasema ina. Nikasimama tena.

"Niaje, mzee, umeona jini?" aliniuliza kijana anayechoma.

"Nangoja watu."

"Watu wakija watakuja. Supu inaganda mafuta."

Iliganda. Walichelewa. Foleni, nilijiambia. Halafu nikaanza kuona koti la Jumapili la baba chini ya kichwa cha dada barabarani, na watu wamesimama mbali wakitazama. Nilitoa simu nikampigia Madam, ingawa nilikuwa nimeahidi kutompigia.

"Umewaona?" aliuliza kabla sijasema chochote.

"Sijaona mtu."

Kisha alisema, "Hata mimi naogopa." Nikasikia anapumua, na kelele za stendi ya basi nyuma yake, na nikaelewa kwamba alikuwa akisafiri tayari na kwamba kitu pekee tulichobaki nacho sisi wawili kilikuwa hiki cha kungoja. Akaniambia ninywe supu, akakata.

Nilipoinua kichwa niliwaona upande wa pili wa barabara. Hawakuwa kama walivyotoka. Dada alikuwa mbele, mfuko wa karatasi wa dawa mkono wa kulia. Baba alikuwa nyuma, ameshika ncha ya mkono wa kushoto wa sweta ya dada kwa vidole viwili, kama mtoto anayefuata mama sokoni. Magari yalipopungua dada alisema kitu, wakavuka pamoja. Sikukimbia kuwalaki.

"Mzee wako anaogopa magari kuliko kuku," dada alisema akikaa mbele yangu. Alivuta supu yangu akaionja. "Hii imekufa. Agiza nyingine."

"Ilikuwaje?"

"Daktari ameuliza nani anaishi nami. Nikamwambia huyu. Akamweleza huyu mambo yote, mimi nikakaa tu kama malkia."

Baba alikuwa amekaa pembeni yangu. Alipangusa kipaji kwa leso. Kisha alinigeukia, si kalenda, si mtu mwingine. "Kijana," alisema, "unaondoka lini?"

Nilidhani ananifukuza. Nikasema sijui. Akasema nikiondoka niende na lile kufuli, kwa sababu likibaki nyumbani atalitumia, anajijua. Dada aliacha kunywa. Yule kijana wa kuchoma akaja na supu ya pili.

Sasa niko kwenye hema tena, kusini, tunapima barabara ya kwenda kwenye machimbo ya mawe. Kufuli liko kwenye mfuko wa ndani wa begi, limeanza kushika kutu kidogo. Hofu haikuisha. Usiku nikinusa makaa ya wapishi bado nageuka. Lakini simpigii Madam. Nambari yake niliifuta Kitui ilipompokea, kwa ombi lake.

Mwezi huu siku ya kliniki nilishika fito vibaya asubuhi nzima. Mpima aliniambia mara kwa mara nisogee, nikawa nasogea upande usio sahihi. Mchana ulipita bila simu. Jua lilianza kushuka, nikaanza kuona lami, koti, watu wamesimama mbali. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kupiga simu nyumbani wakati yenyewe ilipoanza kulia.

Alikuwa baba. Baba ambaye hajawahi kunipigia simu maishani.

"Tumerudi," alisema, akakata.